Jicho la Kushoto la Dada Mwanatatu

Kampala, 13 Februari 1955

Dada Mwanatatu,

Assalaam alaykum. Nakuamkia wewe kwanza, kisha shemeji Kasim, kisha wote wanaokaa kwenye benchi la bucha wakingoja supu bila kununua nyama. Mimi ni mzima. Nimekonda kidogo, lakini Mama Mdogo Wamuyu asisikie, maana atalia. Huku ni matoke mchana na matoke jioni, na mtoto wa marehemu Omar mchinjaji, aliyekua akinyonya mifupa, sasa anaota maini.

Masomo ni mazito. Mwaka huu tunafundishwa jinsi mwili unavyofanya kazi, na mwezi wa sita kuna mtihani ambao anayeanguka anafungashiwa virago arudi kwao. Mwenzenu bado yumo. Niombeeni.

Huko kwa Mama Mdogo, Kibugu, kukoje? Juzi kulikuwa na ukungu asubuhi, nikasimama dirishani kama mjinga, nikinusa. Nilikuwa natafuta moshi wa jiko la Mama Mdogo. Unakumbuka sufuria yetu, ile aliyoifunga uzi mweupe kwenye mshikio ili isichanganywe na za nyumba, kwa sababu sisi watoto wa dada yake tulikuwa Waislamu? Na unakumbuka Njoka, kijana wa jirani, akikimbia na kuku kwapani kutoka Kibugu mpaka mjini, ili baba amchinje, kisha arudi naye mbio tupate kula? Kuku alikuwa anafika amechoka kuliko Njoka. Njoka yu hali gani? Mpe salamu zangu, mwambie bado sijapata rafiki mwenye miguu kama yake.

Sasa jambo lenyewe. Picha mliyopiga kwa Mhindi wa bazaari imefika. Bahasha ilikuwa imefunguliwa njiani na kubandikwa tena, kama kawaida ya siku hizi. Shemeji ametoka kama waziri. Lakini wewe, dada, jicho lako la kushoto limelala. Kope imeshuka, na mboni ni ndogo kuliko ya kulia. Mara ya kwanza nilidhani ni mwanga. Nimeitazama mara nyingi mno, si mwanga. Tangu lini?

Ndugu yako,
Abdulatif

*

Embu, 6 Machi 1955

Latifu mdogo wangu,

Wa alaykum salaam. Barua yako imenikuta ninaosha utumbo, nikaisoma na mikono michafu, ndiyo maana unaona doa hapo pembeni. Kasim anakusalimu. Anasema hayo maneno ya waziri yamekubaliwa na ukija utapewa figo mbili. Majirani wote wazima. Mvua bado, vumbi ndilo tunalokula.

Nilikupeleka ukasome udaktari, kumbe umekwenda kuchungua picha za wake za watu! Jicho ni jicho tu. Tangu baada ya mwaka mpya limekuwa jekundu kidogo na zito. Ni moshi wa kuni mbichi na vitunguu vya supu. Wanawake sokoni wanasema nimeanza ulevi wa upande mmoja. Nawajibu kwamba upande wa pili unawachunga wao wasiibe. Usijisumbue nalo.

Kibugu ni kule kule. Mama Mdogo nyonga yake inamsumbua, lakini mdomo wake ni mzima. Nduma za pale mtoni zimekomaa, na nyumba imekandikwa upya udongo. Kila nikipata nafasi napanda kumsaidia kazi. Ukungu wako nauona, unanifika mpaka viatuni. Sufuria ipo.

Njoka yuko. Ana kazi.

Soma, mtoto wa mama. Sisi hatuna mwingine wa kutusomea.

Dada yako,
Mwanatatu

*

Kampala, 10 Aprili 1955

Dada mpenzi,

Natumaini mwezi wa Ramadhani utawakuta salama, na bei ya mbuzi isipande kama mwaka jana. Mimi nimepata mwenzangu wa kula naye daku, kijana wa Jinja, mkorofi lakini mpishi.

Dada, si moshi. Moshi haujui kuchagua jicho, na haushushi kope. Nivumilie nikueleze, maana wewe ni binti wa bucha na utaelewa kuliko nusu ya darasa langu.

Mishipa ya damu haikai wazi kama bomba la maji. Imejibana kidogo wakati wote, kama mkono ulioshika kitu bila kukikamua. Anayeishikiza hivyo ni neva, uzi wa fahamu unaotoka ubongoni. Neva ikiongeza amri, mshipa unabana, damu inapungua, jicho linakuwa jeupe. Ikipunguza, mshipa unalegea, damu inajaa. Neva hiyo hiyo ndiyo inayoinua kope kidogo na kupanua mboni. Sasa ikikatika, vyote vitatu vinatokea pamoja: wekundu, kope kushuka, mboni kuwa ndogo. Ndiyo hayo yako.

Ajabu ni njia inayopita. Haitoki ubongoni ikaenda jichoni moja kwa moja. Inashuka kwenye uti wa mgongo mpaka kifuani, inatoka juu ya pafu, inapanda shingoni ikiambatana na mshipa mkubwa wa damu, inafika kwenye fundo karibu na taya, na hapo uzi wa mwisho ndio unaokwenda jichoni. Unakumbuka baba akipasua shingo ya kondoo, akituonyesha ule uzi mweupe kando ya mshipa wa damu? Tulidhani ni kano. Ndiyo yenyewe.

Kwa hiyo jicho lako ni zima. Ugonjwa uko kwenye njia hiyo ya neva. Ama umeumizwa shingoni, ama kuna kitu kinachoota kifuani, juu ya pafu, kinachoibana neva hiyo. Sitakuficha: hilo la pili linaua watu, na linaua polepole. Niambie basi. Je, umeanguka? Kuna mtu aliyekushika shingo? Na nisamehe kwa swali hili, lakini mimi ni ndugu yako wa tumbo moja: je, ni Kasim?

Kama hutaki kusema, fanya jambo moja. Mwalimu wetu ametufundisha dawa ambayo haifungui jicho yenyewe, bali inausukuma ule uzi wa mwisho ufanye kazi. Nilipoisikia nikacheka darasani, kwa sababu miraa inafanya vivyo hivyo. Wewe mwenyewe umewaona watafunaji wa mji wa Maua walivyo na macho makavu na mboni kubwa. Chukua kifungu kizuri, utafune mpaka moyo uende mbio. Kaa kwenye chumba chenye mwanga mdogo, ujitazame kwenye kioo, kisha uniandikie: jicho la kushoto limefunguka kama la kulia, au limekataa?

Jibu jema ni lipi sikuambii. Nakujua.

Abdulatif

*

Embu, 22 Aprili 1955

Latifu,

Salamu zako za Ramadhani tumezipokea. Mbuzi amepanda bei, tena sana. Mke wa jirani amejifungua pacha, mmoja amepewa jina la marehemu baba yetu, Mungu amrehemu. Mvua imekuja kwa fujo, maji yameingia mpaka chini ya kaunta.

Kwanza Kasim. Nilimsomea barua yako kwa sababu sina kawaida ya kumficha kitu. Alikwenda kunoa kisu ambacho kilikuwa kimekwisha nolewa. Mtu huyo amenioa mimi yatima, akalipa nauli yako ya kwanza kwenda huko, na hajawahi kuniinulia hata sauti. Utamwandikia barua yake peke yake, na iwe ndefu.

Pili, sijaanguka wala sijashikwa na mtu. Shingo yangu ni nzima, inabeba kichwa.

Tatu, miraa! Mwanamke wa Kiislamu, mke wa mchinjaji, nikanunue miraa! Nilimngoja Mbae, mchuuzi wa Maua, ateremshe mzigo wake, nikajifanya nauliza bei tu. Akaniangalia: "Mama, hii ni ya nani? Kasim hakulangi miraa." Nikamwambia ni ya mgeni. Akasema, "Basi huyo mgeni ni wa heshima, chukua hii ya ndani." Nikaificha kwenye kapu chini ya mboga za sukuma.

Nimetafuna mchana, mwezi haujaandama, madirisha nimefunga. Ni chungu, Latifu, chungu kama maneno ya mkwe. Nikaongeza sukari. Moyo ukaanza kupiga ngoma, nikafagia nyumba nzima, nikapanga upya makopo yote ya duka, na Kasim akasema kama dawa ndiyo hii basi aniletee kila Jumatatu.

Nikajitazama kwenye kioo. Macho yote mawili yalifunguka, makubwa, meupe, sawasawa. Alhamdulillahi. Basi hakuna kitu kifuani wala shingoni. Funga hilo jambo ushike vitabu vyako.

Mama Mdogo anakusalimu. Anakaa nje ya nyumba yake jua likitoka, analiota.

Mwanatatu

*

Kampala, 8 Mei 1955

Dada,

Salamu ni fupi leo, nisamehe. Shemeji nimemwandikia peke yake, na nimemwomba radhi.

Uliposema limefunguka ulidhani umenipa habari njema. Kumbe hilo ndilo jibu nililokuwa nikiomba nisilipate. Kama jicho limeitikia miraa, basi uzi wa mwisho, ule wa kutoka shingoni kwenda jichoni, ni mzima na unafanya kazi. Kilichokatika kiko chini zaidi, kifuani. Na wewe mwenyewe umeniapia kwamba hujaumia popote. Basi umenibakishia jambo moja tu, lile linaloota.

Sikulala, na wala sijui kama ninafunga au nimesahau tu kula. Nakaa darasani naona midomo ya walimu inacheza, sisikii neno. Ninachokiona ni wewe umenibeba mgongoni tunapanda Kibugu siku ya matanga ya mama, nami mkubwa wa kutembea mwenyewe, lakini nilikataa, na wewe hukuniambia kwamba umechoka. Nakumbuka jasho la shingo yako. Shingo hiyo hiyo.

Nimeamua. Naomba ruhusa ya kuondoka, na kibali cha safari kikitoka nakuja kukuchukua nikupeleke Nairobi upigwe picha ya kifua. Najua mtihani nitakuwa nimeukosa. Najua pia kwamba mtu aliyezaliwa Embu akishuka Nairobi mwaka huu anaweza kuingizwa na askari kwenye lori lenye waya na asijue linakokwenda. Acha iwe. Nisipokuwa daktari nitauza supu. Lakini sitaki kuwa daktari aliyemwacha dada yake afe kwa sababu ya mtihani.

Nisubiri.

Abdulatif

*

Embu, 25 Mei 1955

Latifu, Latifu wangu,

Usipande gari. Kabla hujasoma mstari wa pili, kaa chini. Usipande gari.

Barua hii haipiti posta. Anakuletea Bi Kuruthumu, anayekwenda huko kumwuguza binti yake aliyejifungua. Ameishona ndani ya kanga. Ukimaliza kuisoma, ichome.

Jicho halikufunguka. La kulia lilitoa mboni kubwa kama ya paka aliyeona panya, la kushoto likabaki limelala, jekundu vile vile, kana kwamba miraa imetafunwa na mtu mwingine. Nililitazama mpaka Kasim akaja akaninyang'anya kioo. Nikakuandikia kinyume. Mtu aliye mbali haandikiwi habari mbaya, ndivyo tulivyolelewa, na wewe mwenyewe ulipougua tumbo mwaka juzi ulituandikia kwamba umenenepa. Nilidhani nikisema limefunguka utatulia. Nimekuua kwa maneno mazuri. Nisamehe.

Sasa yaliyobaki.

Kibugu hakuna, Latifu. Nyumba ya Mama Mdogo haikukandikwa. Serikali iliwapa watu asubuhi moja ya kutoa vitu, kisha ikawaambia wazivunje nyumba wenyewe, eti wasilishe wapiganaji wa msituni, na asiyevunja akachomewa. Watu wote sasa wanakaa kwenye kijiji kimoja kilichobanana, chenye handaki kuzunguka na miti iliyochongwa ndani ya handaki. Zile nduma zimekomaa kweli, lakini hakuna anayeruhusiwa kushuka mtoni kuzichimba. Nilikuwa nakuandikia Kibugu ya zamani kwa sababu ulikuwa unaiuliza vizuri sana. Na nikiri, nilipoiandika nami nilikuwa naingia humo kidogo. Nilinusa moshi.

Handaki linachimbwa na wanawake. Kila nyumba itoe mtu, jina linaitwa, asiyeitika mazao yake yanachukuliwa na yeye anafungwa. Mama Mdogo na nyonga ile hawezi kuinua jembe. Mimi kwa jina la Kiislamu la baba yetu haniiti mtu kuchimba, nakaa mjini na kanga yangu. Basi nikawa napanda siku za zamu yake, navaa nguo zake, najifunga kitambaa mpaka kwenye nyusi, na wakiita "Wamuyu!" naitika mimi. Wanawake wote walijua. Hakuna aliyesema.

Baada ya mwaka mpya tukawa tunabeba miti ya kuchonga. Unajua mzigo wa kwetu, ukanda wa ngozi unapita kwenye utosi na mzigo unalala mgongoni. Mimi mtoto wa mjini sikuuzoea, nikabaki nyuma. Askari mmoja akaja kwa nyuma akauvuta mzigo ili anigeuze. Ukanda ukateleza kutoka kichwani ukanishika hapa, chini ya taya, upande wa kushoto, na miti yote ikaangukia handakini. Nikabaki ukingoni nimening'inizwa na mzigo wangu mwenyewe. Sikuona kitu, niliona weusi.

Yule askari ndiye aliyeruka akauinua mzigo. Kitambaa kilikuwa kimenitoka kichwani. Akaniona uso, nami nikamwona.

Ni Njoka.

Alinitazama mpaka midomo yake ikawa myeupe. Mwenzake akapiga kelele kutoka juu, "Nani huyo ameangusha?" Njoka akajibu, "Ni Wamuyu." Kisha akaniambia kwa sauti ya chini, "Wamuyu, rudi kwa laini. Usibebe tena leo."

Tangu siku hiyo yeye ndiye anayeita majina. Akifika kwenye jina la Mama Mdogo anaandika yupo, hata nisipopanda. Angenitaja, Mama Mdogo angefungwa, nami pia, na pengine duka lingefungwa. Akigunduliwa sasa, atakayenyongwa ni yeye. Ningekuandikiaje hayo kwenye bahasha inayofunguliwa na kila mtu? Na ungejua, ungekuja. Ungesimama mbele ya Njoka na hasira zako, na kila kitu kingemwagika.

Ulisema jibu jema hukuniambia kwa sababu unanijua. Kweli unanijua. Lakini safari hii ungeniambia tu.

Mimi naishi. Kaa hapo ulipo, ufanye mtihani wako.

Dada yako,
Mwanatatu

*

Kampala, 12 Juni 1955

Dada yangu,

Bi Kuruthumu alifika salama na mjukuu ni wa kiume. Naandika kwa uangalifu, kwa kuwa hii inapita posta na wenye kusoma watasoma. Yale uliyonieleza kuhusu afya yako nimeyaelewa yote, na karatasi imekwenda ulikosema iende.

Kibali cha safari kilikuwa kimekwisha toka. Nilikuwa nimefunga sanduku kwa kamba, na mwenzangu wa Jinja alikuwa amenipa koti lake la mvua. Nimelifungua sanduku. Koti amekataa kurudishiwa, anasema nibaki nalo kwa vile nilivyomtia hofu. Mtihani umeanza juzi. Swali la kwanza walituuliza habari za mishipa ya damu, nami nikaandika mpaka nikaishiwa karatasi.

Sikiliza kuhusu jicho. Kwa kuwa lilikataa miraa, kilichokatika ni uzi wa mwisho, juu shingoni, na kifuani hakuna kitu kinachoota. Wekundu utapungua. Neva ikikatika, mishipa hulegea kwanza na damu hujaa, lakini miezi ikipita mishipa hujifunza kujishika yenyewe bila kuamriwa. Pengine umeanza kuliona hilo. Kope haitapanda kabisa, utabaki na usingizi wa upande mmoja, na wanawake wa sokoni waendelee kucheka. Mtu akiogopa, neva huibana mishipa na uso hupauka. Wewe ukiogopa, upande wa kulia utapauka. Wa kushoto hautajua kuna nini.

Nyumba uliyoniandikia nimeifikiria sana. Sikukasirika. Nilizirudia barua zako zote za mwaka huu, nikaona kwamba kila ulipoandika moshi na ukungu mwandiko wako ulikuwa mzuri zaidi. Mama mdogo wetu ana bahati kuzaliwa ndugu wa mama yetu. Usiache kuniandikia habari za huko, zile za zamani. Sasa najua ninachosoma, na bado nazitaka.

Kwa yule mwenye miguu ya mbio sijui niseme nini. Msalimie. Hapana, usimsalimie. Ngoja kwanza, dada, nipe muda.

Nilipomaliza barua yako nilitandika mswala mchana huo huo, nikasujudu, nikamshukuru Mungu kwa sauti kwamba dada yangu alinyongwa shingo. Niliyasema maneno hayo kama yalivyo. Yule wa Jinja alikuwa mlangoni, akayasikia, akatoka bila kuuliza. Nikabaki chini pale pale, na ndipo nikalia.

Ndugu yako,
Abdulatif